Nilimuua Mbwa kwa Simu, Akarudi kwa Miguu

Nimekosa. Naanza hapo hapo kabla sijapata nafasi ya kujitetea, kwa sababu najijua. Nikipewa nafasi ya kujitetea, mwisho wa maneno wewe ndiye utakayeniomba msamaha.

Jina langu usiniulize. Nakaa Barani, Malindi, na jioni nakaanga viazi vya karai mbele ya geti langu. Mume wangu yuko kazini Mombasa, huja mwisho wa mwezi. Tuna binti mmoja wa darasa la sita, hapa nitamwita Neema. Wanaonijua watanitambua kwa hayo tu, basi na wanitambue.

Yote yalianza na karai. Mwizi aliruka ukuta akabeba karai langu la kukaangia pamoja na mtungi wa gesi, na karai lenyewe lilikuwa bado na mafuta ndani. Nikaapa kwamba nitafuga mbwa. Tena si mbwa koko wa kubweka mara mbili akakimbilia uvunguni, bali mbwa ambaye mwizi akimwona atakumbuka kwao.

Mteja wangu mmoja akaniambia habari za kikundi kilichoko Kilifi, nje kidogo ya mji, kinachookoa mbwa wa aina ya jamani shepadi, wale wakubwa wa masikio wima. Wenye mbwa wakihama, au wakichoka, kikundi huwachukua, huwatibu, kisha huwatafutia nyumba nyingine. Mbwa koko hawawachukui. Tulipokwenda huko na Neema nikauliza kwa nini, dada mmoja wa bara aliyehamia Kilifi, anaitwa Nyambura, ndiye aliyenijibu.

"Mama, hatuwezi kubeba dunia nzima. Tumebeba hawa."

Hapo ndipo nilipomwona Stella. Alikuwa jike la makamo, sikio moja wima na jingine limekunjika kama ukurasa wa kitabu cha shule. Alikuwa wa mzee mmoja Mwitaliano wa Casuarina aliyeugua akarudishwa kwao. Neema alichuchumaa tu, na Stella akaja akaweka kichwa begani kwake, akatulia. Nilikuja kutafuta askari, mtoto wangu akapata ndugu.

Nyambura akatupa masharti, na aliyasema taratibu huku akinitazama usoni. Stella asifungwe mnyororo. Asipewe mtu mwingine. Achanjwe kila mwaka, naye mwenyewe atakuwa anapita kumwona. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka najisikia kujipiga kofi.

"Ukishindwa, mrudishe. Hata kama ni kesho. Hatutakuuliza kwa nini."

Lakini kabla ya kumpata, alisema, lazima waje nyumbani waone ua, na waongee na jirani.

Na jirani!

Jirani yangu ni Bi Zuhura. Tumetenganishwa na ukuta mmoja, na wakati ule tulikuwa tumetenganishwa na mengine zaidi. Alikuwa amenilalamikia kwamba moshi wa karai langu unaingia chumbani kwake, nami nikamjibu kwamba upepo si wangu. Tangu siku hiyo tulikuwa tukisalimiana kwa kutikisa vichwa tu. Juu ya hayo, yeye na mumewe, Mzee Salim, ni watu wa swala tano, na sisi wa pwani sote tunajua mambo ya mate ya mbwa. Ni najisi kwao. Nguo ikiguswa na pua mbichi ya mbwa haisaliwi mpaka ioshwe mara saba, moja kwa udongo. Nikasema moyoni, huyu atakataa.

Sikumuuliza. Nilimuuliza na kumjibia mwenyewe kichwani mwangu, kisha nikamkasirikia kwa jibu ambalo hakunipa.

Mungu akanijaribu, nami nikashindwa mtihani. Bi Zuhura na nyumba yake nzima walikwenda arusini Mambrui, nami nikampigia Nyambura simu aje siku hiyo hiyo. Binamu yangu Sidi, ambaye kwa maigizo hajambo, alijitanda mtandio akaketi kwenye baraza ya Bi Zuhura akichambua mchicha kama mwenye nyumba. Nyambura akamwamkia na kumuuliza kama hana neno na mbwa mkubwa hapo jirani.

"Mimi sina neno, mwanangu," akasema Sidi. "Mbwa ni ulinzi wetu sote."

Nyambura akamshukuru kwa mikono miwili. Sidi na mimi tulicheka jioni nzima. Stella alikuja wiki ile ile.

Sasa, kwetu ukitaka kumsema mtu bila kumtaja, unampa mbwa jina. Shambani utasikia mbwa wanaitwa majina ambayo jirani akiyasikia analala na njaa. Mimi sikuona kwa nini desturi nzuri hivyo iishie shambani. Nikambadili Stella jina, nikamwita Mtazoea. Kila jioni nasimama karibu na ukuta wa Bi Zuhura, naita kwa sauti ya kuuza samaki: "Mtazoea! Njoo ule, Mtazoea!" Mbwa mwenyewe hakuwa anaitika. Alikuwa akiniangalia tu kwa adabu, anangoja niseme jina lake. Neema ndiye aliyekuwa akimwita Stella kwa kunong'ona, naye huja mbio.

Tuliishi hivyo miezi kadhaa. Na nikwambie kweli, nilimpenda. Nikikaanga viazi alilala miguuni pangu, na wateja walikuwa wakimrushia mabaki ya mishikaki. Wezi hawakuthubutu tena. Nilikuwa mtu mwenye mbwa wa maana.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Komeo la geti langu lilikuwa limelegea. Ukilisukuma kidogo linafunguka, na Stella alishajua kulisukuma kwa pua. Kila siku nilisema kesho nitalishughulikia.

Ijumaa moja Mzee Salim alikuwa anatoka kwenda msikitini, kanzu nyeupe imepigwa pasi, manukato yanatangulia mbele. Stella akasukuma geti akaenda kumsalimu. Si kumng'ata, jamani, kumsalimu tu. Alimpaka pua yake yote mbichi kwenye kanzu, kuanzia kifuani hadi magotini. Mzee wa watu akasimama mikono juu kama anayekamatwa na polisi. Ikabidi arudi ndani, aoge, abadili, na hutuba ikampita.

Bi Zuhura akaja kwangu. Alisema maneno machache sana. "Mama Neema, mimi na mbwa wako hatuna ugomvi. Tia geti komeo tu."

Mtu mwenye akili angesema samahani, kesho asubuhi namwita fundi. Mimi nilisema, "Mtazoea." Nilimjibu kwa jina la mbwa! Alinitazama, akakunja mdomo, akaenda zake.

Ijumaa iliyofuata yakatokea tena yale yale, na safari hii Mzee Salim akaenda kwa mzee wa mtaa. Mzee wa mtaa akaniita, akasema kwa upole: ama geti litengenezwe, ama ataongea na hao walionipa mbwa.

Nikaona giza. Akiongea nao, atawakutanisha na Bi Zuhura, na Bi Zuhura si Sidi. Uongo wangu utatembezwa uchi. Ningeweza kutia komeo. Komeo tu! Ni kazi ya fundi ya muda wa kunywa chai. Lakini nilishaapa moyoni kwamba Bi Zuhura hatanifanya nitie komeo, na mimi nikishaapa upuuzi naushika kuliko amri kumi.

Kaka yangu Kahindi anakaa Ganze. Alikuwa amekuja Malindi na pikapu ya kukodi iliyoleta makaa. Nikamwambia, mchukue huyu mbwa akae kwako kidogo maneno yapoe, atakulindia mbuzi. Nikampandisha Stella nyuma pamoja na magunia matupu. Neema alikuwa shuleni. Aliporudi nikamwambia Stella amekwenda kumtembelea mjomba.

"Ulimuuliza dada Nyambura?" akaniuliza.

"Wewe kula."

Ganze wanaijua wanaokaa huko. Maji unayafuata mwendo wa asubuhi nzima, na mtu akirudi na mtungi anawaza watoto, kisha mbuzi, mbwa baadaye kabisa. Sikumwambia Kahindi kwamba mbwa huyu hanyimwi maji, wala kwamba hafungwi. Kwake mbwa mgeni hufungwa mpaka azoee. Akamfunga mnyororo kwenye mti wa ua, kama ambavyo mtu yeyote wa huko angefanya. Nikisikia watu wanamlaumu Kahindi nawakatiza. Yeye alipewa mbwa bila kupewa maneno yake.

Haukupita muda Nyambura akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya furaha. "Mama Neema, Jumamosi nakuja Malindi. Nitapita kumwona Stella, na ile chanjo yake imefika wakati."

Ningesema: dada, nimeshindwa, yuko Ganze, njoo umchukue. Ningesema hivyo nisingeulizwa kitu, alishaniahidi. Badala yake mdomo wangu ukafunguka wenyewe ukasema:

"Dada, Stella amekufa. Nyoka."

Nikasikia analia, kilio cha mtu mzima asiyetaka kusikika. Nyuma yangu sufuria ikaanguka. Neema alikuwa mlangoni, amesikia yote, na naye ameanza kulia kwa nguvu. Nikaziba simu kwa kiganja, nikamnong'oneza, "Nyamaza, si kweli, ni ya simu tu. Yuko kwa mjomba, mzima." Mtoto akanyamaza ghafla. Akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia.

"Umemzika wapi?" Nyambura akauliza.

"Hapa nyumbani. Nyuma."

"Basi Jumamosi nakuja vilevile. Nataka nione alipolala."

Ndugu msomaji, nilichimba kaburi. Mimi, mtu mzima, mshirika wa kanisa, nilishika jembe nikachimba nyuma ya nyumba na kufukia tena, nikapanga mawe pembeni. Neema nilimpa koleo.

"Mama, tunazika nini?"

"Sukuma udongo."

Jumamosi Nyambura akaja na kijiwe bapa alichokiandika STELLA kwa rangi nyeupe. Alipiga magoti akakiweka kichwani mwa kaburi, yaani pale nilipoamua kuwa ni kichwani. Mimi nimesimama na leso mdomoni. Nililia kweli, lakini kwa hofu.

Na hapo ndipo Bi Zuhura alipoingia. Alikuwa ameona kaburi kutoka dirishani kwake, akasikia kwa watoto kwamba mbwa amekufa. Akaja na birika la kahawa ya tangawizi na vikombe. Akasema, "Pole, jirani. Hata mnyama ana roho." Mwanamke niliyemtukana kwa jina la mbwa akaja kunizikia mbwa.

Nyambura akainuka. "Shikamoo mama. Wewe ni nani wake?"

"Marahaba. Mimi ni jirani. Ukuta huu huu."

"Jirani?" Nyambura akanigeukia, kisha akamrudia. "Na yule mama niliyemkuta barazani pale siku nilipokuja mwanzo?"

"Barazani kwangu? Siku gani hiyo?"

Nikatamani lile kaburi lingekuwa na kina zaidi, niingie. Bi Zuhura si mjinga. Alihesabu mambo yake kimya kimya, akafika kwenye arusi ya Mambrui, akanitazama.

"Mimi hakuna aliyeniuliza, mwanangu," akamwambia Nyambura. "Ningeulizwa ningesema litiwe komeo, basi. Mbwa wa kulinda nyumba wallahi sina neno naye. Babangu alifuga wawili shambani."

Nyambura akanigeukia, nikajua sasa nasomewa mashtaka. Lakini alivuta pumzi akasema, "La jirani ulinidanganya, mama. Tutaliongea siku nyingine. Leo umefiwa."

Leo umefiwa! Afadhali angenitandika. Na bado sikusema. Wote wawili walikuwa mbele yangu, kahawa mkononi, ningeweza kumaliza mambo pale pale. Nikanywa kahawa.

Siku chache baadaye Kahindi akapiga simu. "Dada, kuro wako, huyu mbwa, kanikatia mnyororo. Tangu jana hatumwoni."

Nilikwenda Ganze asubuhi iliyofuata. Kahindi akanionyesha mti, na chini yake kipande cha mnyororo na sufuria ya maji iliyokauka. Nikatembea na jua lile nikiita. Niliita Mtazoea mpaka nikajisikia aibu mbele ya miiba, kisha nikaanza kuita Stella. Nikawauliza wanawake wa mitungi, nikawauliza wachoma makaa. Nilitaka kuwapigia simu wale wa kikundi, wenye gari, wenye picha zake, wanaojua mbwa wao hupotea vipi na hupatikana vipi. Lakini nani atakusaidia kumtafuta mbwa uliyekwisha kumzika, tena wakakuletea na jiwe?

Nikarudi Barani mikono mitupu. Neema alikuwa amekaa kando ya kaburi.

"Stella amepotea," nikamwambia. "Nimetafuta, sikumwona."

"Ni kweli," akauliza, "au ni ya simu?"

"Ni kweli, mwanangu."

Hakuniamini. Aliniuliza tena wakati wa chakula, akaniuliza asubuhi. Nilipoapa, akasema hata Nyambura nilimlilia kaburini.

Kisha ikaja simu ya Nyambura. Hakukuwa na salamu.

"Mama Neema. Yule tuliyemwekea jiwe amefika Kilifi. Kwa miguu."

Muuza makaa mmoja alikuwa amemkuta kwenye barabara ya Ganze akichechemea upande wa Kilifi, akamtambua kuwa ni wa "wale watu wa mbwa wakubwa", akampakia na magunia yake mpaka kwao. Nyambura alinieleza hayo tu, akakata.

Safari hii sikutafuta uongo. Nilimwita fundi, akatia komeo, na kweli alimaliza kabla chai haijapoa. Kisha nikamchukua Neema tukaenda Kilifi. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nitasema komeo limetiwa, nitasema Bi Zuhura amekubali, kwa sababu safari hii nilikuwa nimemuuliza kweli, naye alisema, "Si nilikwambia zamani."

Stella alikuwa amekonda, shingo imechunika pande zote palipokuwa na mnyororo, nyayo zimepasuka. Aliponiona aliinuka. Nilidhani atanibwekea, na ingekuwa haki yake. Akaja akichechemea, akaweka kichwa pajani kwangu, sikio lile limekunjika, mkia unapiga vumbi. Hakujua kwamba nilimuua. Hakujua lolote kati ya yote niliyomfanyia.

"Dada, komeo nimetia," nikasema.

Nyambura akanitazama kama mtu aliyechoka. "Komeo?"

"Nipe nafasi nyingine. Mtoto anampenda."

"Mama, nilikuomba mambo mengi, na mengine ningekusamehe. Lakini nilikwambia ukishindwa mrudishe, hatutauliza. Ilikuwa rahisi hivyo. Mbwa mwenyewe ndiye amelishika neno langu, amejirudisha."

Akaita, "Stella," bila kupaza sauti. Stella akatoa kichwa pajani kwangu akaenda. Neema alimkumbatia mlangoni, akamsemesha sikioni, wala sikuambiwa alisema nini. Nasikia sasa yuko na familia nyingine, wana ua mkubwa. Ni sawa. Inaniuma, lakini ni sawa.

Sasa wewe unayesoma, kama unataka mbwa wa watu hawa au wa wengine, nenda kamuulize jirani yako kwanza, hata kama hamsalimiani. Hasa kama hamsalimiani. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumjibia mtu kichwani mwako. Na ukishindwa kumtunza, sema umeshindwa. Aibu yake ni ya siku moja. Mimi niliikimbia aibu ya siku moja, sasa ninayo ya kila siku.

Kaburi bado liko nyuma ya nyumba. Bi Zuhura amenishauri nipande mchicha, anasema udongo umeshalimwa na haifai kuuacha bure. Mimi na yeye tunaongea siku hizi, na moshi ukimwingilia anagonga ukuta, nasogeza karai. Kila kitu kimetengemaa isipokuwa kimoja.

Juzi mume wangu alipiga simu kwamba mwezi huu atakuja mapema. Nikamwita Neema kwa furaha, nikamwambia baba yako anakuja Ijumaa. Hakuruka, hakucheka. Aliweka kalamu chini, akaniangalia usoni kama Nyambura alivyoniangalia siku ya masharti, akauliza kwa upole kabisa, wala hakuwa ananitania:

"Ni kweli, Mama, au ni ya simu?"